UWANJA MPYA USIWE CHANZO CHA KUTUGAWA

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona wapenzi wa kandanda hapa nchini hawajalizungumza vya kutosha. Jambo lenyewe ni viwanja vipya, na jinsi vinavyoweza kuiunganisha timu au kuivunja. Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini naomba usiikate sana, kwa kuwa sehemu yake ya mwisho ndiyo inayonihusu mimi mwenyewe na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Siku hizi habari ya viwanja imekuwa wimbo wa kila redio. Tangu Septemba 2023, nchi yetu ilipopewa pamoja na Kenya na Uganda kuandaa mashindano ya Mataifa ya Afrika ya 2027, watu wamepata hamu kubwa. Arusha ulianza kujengwa uwanja mkubwa wa kuchukua watazamaji 30,000. Wanachama wa Simba na Yanga nao kwa miaka mingi wamekuwa wakiahidiwa viwanja vyao wenyewe, na kila uongozi unaoingia madarakani huja na picha iliyochorwa vizuri. Hata huku kwetu vijijini, mgombea akitaka kupigiwa makofi na vijana huahidi kusawazisha kiwanja.

Mimi sipingi viwanja kujengwa. Ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, na nimewafundisha watoto kupiga mpira juu ya mawe na visiki. Nani angefurahi kuliko mimi akiona kiwanja kizuri? Hoja yangu ni kwamba sisi Watanzania tukizungumzia uwanja tunahesabu viti, taa na nyasi tu. Hatuulizi swali moja kubwa: je, watu wa timu hii, yaani wachezaji, viongozi na mashabiki, watafika katika uwanja huo mpya wakiwa wamoja kama walivyotoka katika ule wa zamani?

Nitoe mifano ya wenzetu kwanza, kisha nirudi nyumbani.

Wasomaji wengi wanaofuatilia ligi ya Uingereza wanaijua timu ya West Ham United ya London. Timu hiyo ilicheza katika uwanja wake wa Upton Park tangu 1904 hadi 2016. Ulikuwa uwanja wa watu wapatao 35,000, umebanwa katikati ya nyumba za watu wa kazi za mikono. Mashabiki walikuwa karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji aliyekwenda kurusha mpira aliwasikia kila neno walilomwambia. Jukwaa moja la upande wa mashariki lilipewa jina la Banda la Kuku, na watu waliokaa pale walijivunia jina hilo. Mchezo wa mwisho ulichezwa tarehe 10 Mei 2016, West Ham ikaifunga Manchester United mabao 3 kwa 2, na watu wazima wakalia.

Kisha timu ikahamia katika uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya 2012. Kwa hesabu za karatasi ilikuwa bahati kubwa. Uwanja ule ulikuwa na nafasi karibu mara mbili ya ule wa zamani, na timu haikuujenga. Iliupanga tu, kwa mkataba wa miaka 99. Viongozi wakawaahidi mashabiki kwamba sasa West Ham itakuwa miongoni mwa vigogo.

Kilichotokea ni kingine. Uwanja ule ulikuwa umejengwa kwa ajili ya mbio, kwa hiyo viti vilikuwa mbali na mchezo. Watu waliozoea kukaa pamoja miaka 20, baba, mwana na jirani, wakajikuta wametawanywa. Waliozoea kutazama wamesimama wakapangwa mbele ya waliotaka kukaa, na katika michezo ya mwanzo kabisa mashabiki wa timu moja wakagombana wao kwa wao. Septemba 2016 West Ham ilikuwa inaongoza kwa mabao 2 bila dhidi ya Watford pale pale nyumbani. Ikafungwa 4 kwa 2, na majukwaani ikawa ni vurugu. Januari 2017 mchezaji wao bora, Dimitri Payet, aligoma kucheza mpaka akaruhusiwa kurudi Marseille. Novemba mwaka huo kocha Slaven Bilić akafukuzwa.

Yaliyotokea tarehe 10 Machi 2018 siyasahau, maana niliyaona kwa macho yangu katika kibanda cha video hapa kwetu. West Ham walikuwa wanafungwa na Burnley mabao 3 bila. Mashabiki wakaanza kuingia uwanjani. Nahodha wao, Mark Noble, aliyelelewa katika timu hiyo tangu utoto, akamkamata shabiki mmoja na kumwangusha chini. Mwingine akang'oa bendera ya kona, akaenda kuichomeka katikati ya uwanja. Wengine wakakusanyika chini ya jukwaa la wenye timu wakiwapigia kelele. Na watoto wadogo waliokuwa karibu na ghasia hizo, unajua nani aliwapa hifadhi? Wachezaji wa akiba wa Burnley, wageni, waliwakaribisha wakae nao kwenye benchi lao. Fikiri, Ndugu Mhariri: mtoto wa West Ham, nyumbani kwake, anapata usalama kwa mgeni!

Katika kibanda watu walicheka. Mimi nilijiuliza, hivi hawa wanagombania nini? Mchezo wenyewe ni mmoja tu kati ya 38 ya ligi. Baadaye nikaelewa kwamba kufungwa na Burnley kulikuwa kisingizio. Walikuwa wanadai kitu walichonyang'anywa miaka miwili nyuma, na hawakuwa na mahali pengine pa kukidai.

Mfano wa pili ni Arsenal, ambayo hapa nchini ina wapenzi wasiohesabika, nami nikiwemo. Arsenal waliondoka Highbury mwaka 2006 baada ya kukaa pale tangu 1913. Wao hawakwenda mbali, maana uwanja mpya uko umbali wa mtu kutembea kwa dakika chache tu. Kwa hiyo shida yao haikuwa umbali. Shida yao ilikuwa deni. Uwanja uligharimu pauni zipatazo milioni 390, na fedha hizo zilibidi zirudishwe. Kocha Arsène Wenger akalazimika kujenga timu ya vijana na kuwaachia wakubwa waende. Patrick Vieira aliondoka 2005 wakati ujenzi unaendelea, na Thierry Henry akaondoka 2007. Walifuata Adebayor na Kolo Touré 2009, Fàbregas na Nasri 2011, na Van Persie 2012. Kuanzia 2006 hadi 2013 Arsenal hawakupata kombe hata moja kubwa.

Mkubwa akiondoka nyumbani, ugomvi wa watoto hukosa mwamuzi. Ndivyo ilivyokuwa. Januari 2008, Arsenal wakiwa wanafungwa na Tottenham, Adebayor na Bendtner, washambuliaji wa timu moja, waligombana mbele ya watu. Mwezi uliofuata, baada ya sare na Birmingham, nahodha William Gallas alikaa chini katikati ya uwanja peke yake huku wenzake wakienda zao. Novemba mwaka huo akavuliwa unahodha baada ya kutangaza hadharani magomvi ya chumba cha kubadilishia nguo, na kitambaa akapewa Fàbregas aliyekuwa na umri wa miaka 21. Sisemi kwamba matofali ya uwanja ndiyo yaliyowagombanisha. Nasema deni la uwanja liliwaondoa wale ambao wangewapatanisha.

Ili nisionekane kwamba naona ubaya tu, nitoe mfano wa tatu, wa Athletic Club ya mji wa Bilbao, Hispania. Timu hii ni mali ya wanachama wake, na kwa desturi huchezesha wachezaji wenye asili ya nchi ya Wabaski au waliolelewa kimpira huko. Uwanja wao wa San Mamés, uliofunguliwa 1913, waliuheshimu mpaka wakauita Kanisa Kuu. Ulipochakaa hawakuhama. Walijenga mpya pembeni kabisa mwa ule wa zamani, wakiumega kidogo kidogo. Ule wa zamani ulibomolewa, na Septemba 2013 walianza kuutumia mpya ukiwa na pande tatu tu, kisha upande wa nne ukajengwa mahali pa ule wa zamani. Jina likabaki lile lile, mtaa ule ule, na njia ya kwenda uwanjani ikawa ile ile ambayo babu alimpitisha mjukuu wake. Mwaka 2024 wakalitwaa Kombe la Mfalme walilolikosa kwa miaka 40. Sisemi ni kwa sababu ya uwanja tu. Lakini walifika pale bila kuvunjana.

Kuna watakaonijibu kwamba timu ikishinda umoja upo, na ikifungwa umoja haupo, na uwanja hauna neno. Hoja hiyo ina ukweli, na nisingependa kuipuuza. Hao hao West Ham mwaka 2023 walikwenda Prague wakaifunga Fiorentina mabao 2 kwa 1, wakachukua kombe la Ulaya. Lilikuwa kombe lao kubwa la kwanza tangu 1980, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka bendera ya kona. Ni kweli, ushindi ni dawa. Lakini tuangalie hesabu: tangu kuhama hadi kombe hilo ni miaka saba. Timu tajiri ya London inaweza kungoja miaka saba. Timu ya kijiji haiwezi. Timu ya kijiji ikigawanyika msimu mmoja, msimu wa pili haipo.

Hapa ndipo nafika kwetu.

Nafundisha katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Nilipofika hapa nikitoka chuo cha ualimu nilikuta kiwanja katikati ya kijiji, kati ya shule na ghala la zamani la chama cha ushirika. Kilikuwa kimeinama, hivi kwamba kila timu iliyoshinda kura ilichagua kuanza kwa kushambulia goli la chini. Mwembe mkubwa uliokuwa pembeni ndio ulikuwa jukwaa kuu. Wazee walikaa chini yake kwenye vigoda, watoto juu ya matawi. Kina mama waliouza maandazi na karanga walikaa upande wa ghala. Wasichana walikuwa na kiwanja chao cha netiboli nyuma ya goli la juu, na wavulana wakimaliza walihamia huko kuwashangilia. Hakuna aliyelipa kiingilio. Mpira ulipopasuka, kofia ilizungushwa.

Timu yetu haikuwa tajiri lakini ilikuwa na nguvu. Wachezaji walitoka vitongoji viwili, cha juu na cha chini, ambavyo kwa mambo mengine havielewani sana kwa sababu ya maji na mipaka ya mashamba. Kwenye mpira vilielewana. Mabeki na mlinda mlango walitoka kitongoji cha juu, washambuliaji wakatoka cha chini. Tulipata mbuzi wa mashindano ya kata mara mbili mfululizo, na mbuzi wote wawili waliliwa chini ya mwembe ule.

Mwaka 2022 alijitokeza mhisani. Simtaji, na wala sina haki ya kumlaumu, kwani alikuja na nia njema. Alitupatia eneo lililosawazishwa kwa katapila kando ya barabara ya lami, kama kilomita tatu kutoka kijijini. Akaweka uzio wa mabati, mabenchi ya mbao, magoli ya chuma na chumba cha kubadilishia nguo cha tofali za kuchoma. Kamati ya timu ilikuwa na watu tisa, mimi nikiwa katibu. Tulikubali katika kikao cha jioni moja. Hatukuitisha mkutano wa hadhara. Tulisema, "Nani atakataa kitu kizuri?" Nami ndiye niliyeandika muhtasari, kwa mwandiko mzuri wa kialimu.

Kiwanja cha zamani hakikukaa siku nyingi. Kilipimwa viwanja vya vibanda vya biashara, pamoja na kile cha netiboli. Wasichana hawakuulizwa na hawakupewa kingine mpaka leo.

Tukapanga kiingilio shilingi 500, na benchi shilingi 1,000, ili tulipe mlinzi na tununue mipira. Siku ya ufunguzi mimi nilikaa mlangoni na kitabu cha risiti. Watu wa kitongoji cha chini, walio karibu na barabara, walifika wengi. Wa kitongoji cha juu walikuja kwa miguu, wachache, wamechoka. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekifyeka kiwanja cha zamani kwa fyekeo lake mwenyewe, bila kulipwa na bila kuombwa. Alikuwa na kigoda chake begani. Hakuwa na fedha, wala hakuwa amefikiri kwamba angetakiwa kuwa nayo.

Ndugu Mhariri, ningeweza kumpitisha. Hakuna ambaye angenishitaki. Lakini nyuma yake kulikuwa na foleni, nami nilikuwa na kalamu mkononi na cheo cha katibu. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini utaratibu ni utaratibu." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Akageuza kigoda chake upande wa pili wa bega na kurudi zake, kilomita tatu.

Mzee huyo ni baba wa mlinda mlango wetu na wa beki wetu wa kati. Jumamosi iliyofuata hawakutokea mazoezini. Jumamosi ya pili hawakutokea wachezaji wote wanane wa kitongoji cha juu. Nilipofuatilia nikaambiwa kwamba timu ni ya watu wa barabarani sasa, na wao wataanzisha yao. Wakaanzisha kweli. Kwa hiyo kijiji kilichokuwa na timu moja nzuri kikawa na timu mbili mbovu: moja ina mabeki haina wafungaji, nyingine ina wafungaji haina mabeki. Katika mashindano ya kata ya 2023 zote mbili zilitolewa mapema, na mbuzi akaenda kijiji cha jirani. Hata ugomvi wa maji, ambao zamani ulikuwa ukipoozwa na mpira wa Jumamosi, ukawa mkali zaidi.

Kiwanja kipya nacho? Mapato ya mlangoni yalipungua, mlinzi akaacha kazi. Mabati yakaanza kuondoka, moja leo, moja kesho, na leo unaweza kuyaona juu ya mapaa ya watu. Nyasi zimefika magotini. Hakuna anayezifyeka, maana aliyekuwa akifyeka tulimrudisha mlangoni.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niyatazame mambo ya West Ham kwa jicho lingine. Tofauti ya fedha ni kubwa, lakini ugonjwa ni ule ule. Uwanja wa zamani, hata ukiwa mbovu, umebeba utaratibu ambao haukuandikwa popote: nani anakaa wapi, nani anafanya nini, nani ana heshima gani. Mzee wetu hakuwa na hati ya kiwanja kile, lakini kilikuwa chake kwa sababu alikifyeka. Mama wa maandazi hakuwa na kibanda, lakini mahali pake palijulikana. Ukihama bila kuyahesabu mambo hayo, unawaambia watu kwamba miaka yao yote haikuwa na thamani. Na mtu aliyeambiwa hivyo hagombani na uwanja. Hugombana na jirani yake, na nahodha, na kamati.

Kwa hiyo nina mapendekezo matano, ambayo nawaomba viongozi wa vilabu, halmashauri na wahisani wayafikirie.

Kwanza, wananchi waulizwe kabla ya kuhama, wala si baada ya kuhama. Mkutano mmoja wa hadhara unachukua saa tatu, lakini kurudisha watu waliosusa kunachukua miaka.

Pili, penye uwezekano, uwanja mpya ujengwe mahali pa zamani au karibu nao, kama walivyofanya watu wa Bilbao. Ardhi ya katikati ya kijiji au mji ni ya thamani, najua, na wafanyabiashara wanaimezea mate. Lakini watoto wanaochezea kilomita tatu mbali na nyumbani ni watoto ambao hawatacheza.

Tatu, wenye jasho la uwanja wa zamani wapewe nafasi ya heshima katika ule mpya. Wazee waliofyeka, waliochonga magoli, waliofua jezi, wasidaiwe kiingilio maisha yao. Gharama yake ni ndogo mno. Kwetu ingekuwa shilingi 500.

Nne, vilabu vyetu vikubwa vikifikia kujenga, viwaeleze wanachama deni ni kiasi gani na litalipwa na nani. Kwa miaka mingi Simba na Yanga wametumia Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uliofunguliwa 2007, ambao ni mali ya umma. Pale wote ni wageni, na wageni hawagombei nyumba. Siku kila mmoja atakapokuwa na nyumba yake ndipo yatakapoanza maswali: jukwaa kuu ni la nani, mwanachama wa tawi la mbali atakaa wapi, mchezaji gani atauzwa ili benki ilipwe. Afadhali maswali hayo yajibiwe kabla ya kuweka jiwe la msingi.

Tano, michezo ya wasichana isisahauliwe. Kiwanja kikihamishwa, cha netiboli kihame nacho. Watoto wangu wa darasa la saba waliocheza UMITASHUMTA hadi ngazi ya wilaya walijifunzia nyuma ya lile goli la juu. Wadogo zao hawana pa kujifunzia.

Sasa nimalize kwa kueleza tulipofika. Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mzee. Nilikwenda bila kamati wala barua. Nilimwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa uji, akazungumza juu ya mvua na mahindi. Juu ya mpira hakusema neno, nami sikumlazimisha. Lakini nilipokuwa naaga aliniuliza kama ni kweli kwamba kamati ya shule imekubali kutoa sehemu ya shamba la shule, jirani na pale palipokuwa na ghala, iwe kiwanja cha kijiji. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba kitakuwa kidogo, na cha netiboli kitatangulia kuchorwa. Akaniambia, "Udongo wa pale unatunza maji. Msilime kwa trekta, mtauharibu."

Jumamosi mbili zilizopita tulianza kung'oa visiki kwa kujitolea. Walikuja vijana 14 wa kitongoji cha chini na watatu wa kitongoji cha juu. Mlinda mlango wetu wa zamani hakuwa miongoni mwao, lakini mdogo wake, yule beki, alikuwapo. Hakusalimiana nami sana. Alichukua jembe akaanza upande wake.

Mkutano mkuu wa kijiji utakaa mwezi ujao kuamua juu ya kiwanja hicho. Wako wanaosema turudi kule barabarani, tununue mabati mengine, kwa sababu kule ndiko kwenye magoli ya chuma. Mimi nitasimama niseme kwamba magoli ya chuma yanabebeka. Vijana wanane wanaweza kuyaleta kijijini kwa mchana mmoja. Na safari hii muhtasari aandike mwingine.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.